Avoka ya mama aliyekimbia vita si anasa, sumu iko ndani ya kopo

BUTEMBO NA BENI – Katika ua wenye jamaa tatu chini ya bati moja, mama mmoja anakaa kwenye kiti kidogo jioni, baada ya kuosha vyombo. Avoka iliyolainika mno, ile ambayo watoto wamekataa kula, anaiponda kwa kijiko. Anaipaka kwenye visigino vyake vilivyopasuka, kisha kwenye magoti ya mtoto yaliyokauka kama udongo wa kiangazi. Kinachobaki anakisugua kwenye nywele. Ni jambo dogo. Halichukui hata nusu saa.

Lakini kuna watu ambao jambo hilo linawakera. Maneno yao yanasikika kwenye mabomba ya maji, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa baada ya misa: kwamba mtu aliyekimbia risasi hana haki ya kutafuta uzuri, na kwamba mwenye nguvu ya kupaka avoka miguuni hana njaa ya kweli, kwa hiyo jina lake liondolewe kwenye liste ya msaada.

Maneno hayo ni mabaya, tena ni ya uongo. Yanamwadhibu mama kwa kitu kisichomgharimu mtu yeyote franka moja. Ubaya zaidi ni kwamba wanaoyasema hawafungui mdomo juu ya kitu kingine kinachouzwa mchana kweupe mbele ya macho yao: makopo na vichupa vya kuchubua ngozi. Hayo ndiyo anasa. Ndiyo yanayokula hela ya chumvi na sabuni, na mengi kati yao yana sumu.

Ngozi ya mtu aliyekimbia

Kwanza itazamwe hali yenyewe. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewatoa watu vijijini mwao, mara nyingi usiku, bila kuchukua hata blanketi. Watu wa Eringeti, Mbau, Kamango na Oicha wanajua njia hiyo ya miguu. Mwaka 2024, vita ya M23 ilipopanda hadi Kanyabayonga mwishoni mwa Juni na kuendelea ndani ya eneo la Lubero, jamaa nyingine zilifuata barabara ya kaskazini kuelekea Butembo. Wengi wao hawakuingia kambini. Waliingia katika nyumba za ndugu, za marafiki, au za watu wasiowajua waliokubali kusogea kitandani.

Butembo iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1700. Asubuhi ni baridi, na wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaingia hadi ndani ya sufuria. Mtu aliyetoka kwenye joto la bonde la Semliki anafika hapa na ngozi yake inaanza kukatika. Anaoga maji baridi kwa sabuni ya kufulia, kwa sababu ndiyo iliyopo. Sabuni hiyo imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na kwenye mwili inafanya kazi ileile: inaondoa mafuta yote ambayo ngozi inajitengenezea kwa kujilinda.

Ngozi iliyopasuka ni mlango uliobaki wazi. Kisigino kilichochanika kinaingiza uchafu wa choo kinachotumiwa na watu ishirini. Mkono uliokauka na kuwa na nyufa unauma kila ukiguswa na maji, na mkono unaouma hauoshwi mara nyingi. Mji huu unajua maana ya mkono usiooshwa. Janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 lilipata watu 3470 na kuua 2287. Kwa miezi karibu ishirini na tatu watu wa Beni, Katwa na Butembo walinawa maji ya klore mlangoni mwa soko, shule na ofisi. Wauguzi, wafua nguo na walinzi wa vizuizi wanakumbuka jinsi mikono ilivyokauka na kuchubuka. Aliyenawa hivyo hakuwa na cha kumwambia mtu kwamba mafuta ya kupaka ni upuuzi.

Basi mama anayepaka mafuta kwenye ngozi ya mwanawe anafanya kazi ya afya. Na hata kama angekuwa anafanya kwa ajili ya uzuri tu, kosa liko wapi? Mtu aliyepoteza shamba, mbuzi, picha za ndoa na kaburi la baba yake bado ana uso. Kuutunza uso huo ni namna ya kusema kwamba vita haikuchukua vyote. Wanaotaka mkimbizi aonekane mchafu ili wamwamini wanataka kuona mateso yakiigizwa mbele yao, na hiyo haina uhusiano wowote na msaada.

Kinachouzwa kwa jina la uzuri

Sasa watazamwe wale ambao hakuna anayewasema. Kuanzia soko kuu la Butembo hadi soko la Kilokwa mjini Beni, meza za mafuta ya kupaka zimejaa bidhaa za kugeuza rangi. Nyingine zimepita mpaka wa Kasindi zikitoka Uganda, nyingine zimetoka mbali zaidi, ndani ya makontena ya wafanyabiashara wanaonunua Dubai na China. Kuna pia zile zinazochanganywa papa hapa, ndani ya nyumba, na kutiwa katika vichupa visivyo na jina. Tanzania wanaita mchanganyiko kama huo mkorogo, na jina linatosha: ni vitu vilivyokorogwa pamoja na mtu asiyejua kimoja kinafanya nini kwa kingine.

Ndani yake mara nyingi kuna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki, ambayo kwenye kopo la Kifaransa inaandikwa mercure, kama inaandikwa kabisa. Ni zebaki ileile ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaitumia kukamata vumbi la dhahabu kwenye karai. Chumvi za zebaki zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo sababu mtu anakuwa mweupe. Lakini zebaki haibaki juu ya ngozi. Inaingia ndani na kuharibu figo, inasumbua mishipa ya fahamu, na kwa mama mwenye mimba inaweza kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limeonya juu yake kwa miaka mingi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unalenga pia vipodozi vyenye zebaki. Mkataba huo ulichukua jina la mji wa Japani ambako watu walipata ulemavu na kufa kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda.

Cha pili ni haidrokwinoni, inayoandikwa hydroquinone. Muganga wa ngozi anaweza kuiandika kwa muda mfupi, kwa doa fulani, huku akimfuata mgonjwa. Mtu anayejipaka mwili mzima miezi na miaka bila muganga anaweza kuishia na kinyume cha alichotafuta: madoa meusi ya bluu kwenye mashavu na kuzunguka macho, magumu kuondoka. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye mafuta ya kawaida ya ngozi tangu mwaka 2001. Tanzania na Kenya nazo zilipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki. Kupiga marufuku hakujamaliza biashara, lakini kule angalau muuzaji anajua kwamba anauza kitu cha kuficha. Huku anakipanga mbele, karibu na sabuni za watoto.

Cha tatu ni dawa za familia ya kortizoni, zenye majina kama clobétasol na bétaméthasone. Ni dawa halali za hospitali, za ugonjwa wa ngozi, kwa kiasi na kwa siku zilizohesabiwa. Zikipakwa kila asubuhi kama mafuta, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Inachanika mistari kwenye mapaja na mikono, chunusi zinajaa, kidonda kidogo kinakataa kupona. Mama akifikia kufanyiwa operesheni ya uzazi, ngozi hiyo ni shida kuishona na shida kuifunga.

Hivyo ndivyo vinavyoitwa uzuri. Na wajanja wamegundua neno jipya la kuviuzia: naturel. Kwenye kichupa wanabandika picha ya karoti, ya papai, ya ndimu, ya asali. Mteja anaambiwa kwamba ni vitu vya jikoni tu, vya asili, visivyo na dawa. Ukweli ni rahisi kuujua bila maabara. Karoti haiwezi kumfanya mtu mweusi awe mweupe katika wiki mbili. Papai halijawahi. Asali haijawahi. Kichupa kinachofanya kazi hiyo kwa haraka hivyo kina kitu kingine ndani, na aliyekitia anajua.

“Kila mtu na ngozi yake”

Kuna jibu linalotolewa kila mara jambo hili likitajwa: kwamba kila mtu na mwili wake, na mwanamke mzima ana haki ya kuchagua rangi anayotaka. Jibu hilo linasikika zuri, na haki hiyo haipingwi hapa. Lakini halisimami.

Kuchagua kunataka kujua. Mtu anayepewa kichupa chenye picha ya karoti na kumbe ndani kuna kortizoni hajachagua, amedanganywa. Tena ngozi hiyo si yake peke yake. Mtoto amelala juu ya kifua hicho na ananyonya. Anabebwa mgongoni, shavu lake likigusa bega lililopakwa. Taulo ni moja, kitanda ni kimoja, mikono iliyopaka ndiyo inayofinyanga bugali. Zebaki haiulizi nani alinunua.

Na uchaguzi huo unatoka wapi? Unatoka kwa kijana anayesema hadharani kwamba ataoa tu msichana wa rangi ya kung'aa. Unatoka kwa mwenye ganda la bia anayeajiri wahudumu kwa kutazama mashavu. Unatoka kwenye simu, ambako kila picha imepitishwa kwenye programu ya kung'arisha. Msichana aliyekimbia na hana kazi wala kitambulisho anayaona yote hayo, anahesabu, na anaona kwamba kopo ni bei ya kuingilia. Wanaomcheka baadaye, madoa yanapotoka, ni walewale waliomsukuma.

Jikoni nako kuna uongo wake

Hata hivyo, si haki kulaumu makopo na kunyamaza juu ya makosa ya nyumbani. Siku hizi sauti za WhatsApp zinapita kutoka simu hadi simu zikifundisha kupaka kila kitu kilichoko jikoni. Baadhi ya mafundisho hayo yanaunguza watu. Kitu kuwa chakula hakumaanishi kwamba ngozi inakikubali.

Ndimu ndiyo ya kwanza. Maji yake ni makali, na yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaweza kuleta malengelenge na baadaye madoa meusi ya wiki nyingi. Mama anayejipaka ndimu usoni halafu anaenda kuuza ndizi barabarani saa sita anajitengenezea kidonda.

Papai bichi ni la pili. Papai lililoiva, nyama yake ikipondwa, halina shida kwa watu wengi. Lakini utomvu mweupe wa papai bichi ni kitu kingine. Watu wa Beni hawahitaji kufundishwa hilo na mgeni: mashamba ya papai ya huku yamekuwa yakichanjwa kwa miaka mingi ili kupata utomvu huo, unaokaushwa na kuuzwa nje kwa jina la papaini. Viwanda vinautaka kwa sababu unayeyusha nyama. Mchanjaji anajua unavyofanya vidole. Kumshauri mtu aupake usoni ni kumshauri ajilainishe kama nyama ya sufuria.

Bikarbonati ya maandazi, inayosifiwa kwa kwapa na kwa uso, inavunja uchachu mdogo ambao ngozi inaushika kama ukuta dhidi ya vidudu. Dawa ya meno juu ya mahali palipoungua ni kosa lingine kubwa, na katika nyua hizi zilizojaa watoto na majiko ya makala, kuungua ni jambo la kila wiki. Mahali palipoungua panataka maji safi ya kawaida yakimiminika taratibu kwa dakika ishirini, kisha kituo cha afya kama kidonda ni kikubwa au kiko usoni. Dawa ya meno, mawese, unga, majivu: vyote vinafunga joto na uchafu ndani.

Asali ni nzuri kwa midomo iliyopasuka, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba kidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mchanga.

Na juu ya yote, avoka haitibu upele. Katika nyumba ambamo watu kumi wanalala kwenye chumba kimoja, ule upele unaowasha zaidi usiku, unaoanza katikati ya vidole, kwenye kiuno na kwapani, ni mdudu mdogo anayechimba chini ya ngozi. Mafuta yoyote ya jikoni yanamfunika tu. Unatibiwa kwa dawa ya kituo cha afya, na unatibiwa siku moja kwa watu wote wa nyumba, hata asiyejikuna. Nguo na blanketi zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Kama kuni za kuchemsha maji hakuna, zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, zikae karibu wiki moja, mdudu atakufa kwa kukosa mwili. Kumtuma mama huyo nyumbani na ushauri wa kupaka asali ni kumwacha ajikune pamoja na watoto wake.

Kinachofaa, na sheria yake moja

Yakiondolewa hayo, jikoni linabaki na msaada wa kweli. Lakini kuna sheria inayotangulia yote, na wanaofundisha uzuri kwenye simu hawaisemi kwa sababu hawajawahi kukosa chakula: kinacholiwa kiliwe kwanza. Yai ni la mtoto. Sukari ni ya uji. Maziwa yakipatikana, yana mdomo unaoyangoja. Ngozi inapewa kile ambacho sufuria imekiacha.

Na sufuria inaacha vingi. Msimu wa avoka katika vilima vya Lubero, matunda yanaanguka na kuoza chini ya mti, na yaliyogongwa sokoni hayapati mnunuzi. Hata ganda la avoka iliyoliwa, upande wa ndani, lina mafuta ya kutosha kusugua viwiko viwili. Pumba laini inayobaki kwenye chekecho baada ya kuchunga unga wa mahindi, ikiloweshwa maji kidogo, inasugua miguu na kuondoa ngozi iliyokufa bila kuchana, vizuri kuliko jiwe. Wanaokaanga na kutwanga kahawa yao wenyewe wanaweza kufanya hivyo kwa machicha yake. Maji ya kuoshea mchele yanaburudisha uso uliopigwa na jua, yakitumiwa siku ileile, yasilazwe.

Mafuta yanayokamuliwa kutoka kokwa ya ngazi, ambayo bibi wengi wa huku waliwapakia wajukuu, bado ni bora kuliko pomadi nyingi zenye harufu kali. Mawese nayo yanalainisha, ila yanatia nguo rangi, kwa hiyo yanafaa visigino vya usiku kuliko mikono ya mchana. Asiye na kimoja wala kingine, vazelini ya kawaida, isiyo na rangi wala manukato, inatosha kabisa.

Siri iliyobaki ni saa ya kupaka, na haina gharama. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia tu. Yakipakwa juu ya ngozi kavu yanateleza na kupotea. Yakipakwa mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, kijiko kimoja kinafanya kazi ya vijiko vitatu. Kwa kisigino kilichopasuka sana: miguu iloweshwe katika maji ya uvuguvugu dakika kumi, isuguliwe na pumba, ipakwe mafuta, ivishwe soksi au kitambaa kikuukuu, ilale hivyo. Kitu chochote kipya kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, mahali padogo, na kingojwe hadi kesho. Kikiwasha, kiachwe.

Kakao inaondoka, losheni inarudi

Kuna aibu nyingine ambayo haizungumzwi. Eneo la Beni linalima kakao. Wakulima wameuawa mashambani mwao wakiivuna, na wengine hawathubutu kwenda kuichuma hata ikiiva. Kakao inayookolewa inakaushwa, inatiwa mifukoni na kuuzwa nje. Kule nje wanakamua siagi yake, wanaichanganya na manukato, wanaitia kwenye chupa yenye picha ya tunda la kakao, na chupa inarudi. Mama wa Mulekera au Ruwenzori, ambaye kaka yake alikimbia shamba la kakao, anainunua kwa bei inayomzidi.

Miji hii miwili ina avoka, ngazi, kahawa, kakao, asali na papai. Ina wafanyabiashara wanaojulikana Afrika nzima kwa ujasiri wa kusafiri. Ina vijana waliosoma kemia na wanauza vocha za simu. Kwamba bado ngozi za watu wake zinategemea kopo lisilojulikana limetoka wapi haitokani na ardhi kuwa maskini. Inatokana na fikra kwamba kinachotoka mbali ndicho kizuri, na kinachoanguka chini ya mti ni cha nguruwe.

Nani afanye nini

Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, na forodha ya DGDA zina watu Kasindi. Kazi yao ni kujua nini kinapita. Lori la makopo ya kuchubua halipiti gizani, linapita na hati. Basi na waseme kilichoandikwa kwenye hati hizo, na wasimamishe kinachoua kwa bidii ileile wanayotumia kusimamisha mama mwenye bidoni ya mafuta ya taa.

Mameya wa Butembo na Beni, pamoja na wakuu wa komini, wanajua kufunga meza ya muuza mboga anayekaa pembeni ya barabara. Wajue pia kutembelea meza ya mafuta. Wafamasia wanaotoa krimu za kortizoni bila karatasi ya muganga waache. Redio zinazopokea hela ya matangazo ya vichupa vya naturel saa sita, halafu saa moja jioni zinatoa kipindi cha afya, zichague upande.

Mashirika yanayogawa vifaa vya usafi kwa waliokimbia yanaweka sabuni, ndoo, vitambaa. Yaongeze kopo moja la vazelini. Si kitu kikubwa, na mikono ya wamama itawashukuru. Viongozi wa dini, ambao sauti yao inafika mahali ambako hakuna muganga, wawaambie vijana kwamba rangi ya mtu si kasoro ya kusahihishwa.

Na wale wanaosimama kwenye bomba la maji wakihesabu nani amepaka nini, wahesabu vizuri. Avoka iliyooza haijawahi kumnyima mtu yeyote msaada. Kopo limewanyima wengi hela, limewachukulia wengine ngozi na figo. Hasira ikiwa inatafuta mahali pa kwenda, iende huko.

Yule mama wa jioni ameshamaliza. Amenawa mikono, ametupa ganda kwenye shimo la mboji, amemvisha mtoto soksi. Kesho asubuhi atatembea tena hadi sokoni kutafuta kibarua, kilima kupanda na kilima kushuka. Atatembea bila kuchechemea.